Somo la Robo Hii: Tujiandae Kurudisha Faili Moja Kabla Halijapotea



Katika robo hii tunapenda tujifunze jambo ambalo wengi wetu huliachia ofisi, nalo ni namna ya kurudisha faili moja lililopotea kutoka katika nakala rudufu zinazotunzwa kwenye wingu. Huenda mjumbe akauliza, hili linaihusuje kamati ya usharika? Linaihusu, kwa sababu majina yenu, michango yenu na hesabu za miradi yenu zimo ndani ya mafaili hayo.

Yaliyotupata

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, tulikuwa tukiandaa taarifa ya robo mwaka. Tulipofungua daftari la michango ya tanki la maji la mtaa mmoja, tukakuta majina ya mtaa mwingine. Katikati ya Agosti mmoja wetu alikuwa amehifadhi faili jipya kwa jina lile lile, na la zamani likafutika. Katika daftari lile walikuwemo akina mama waliochanga kwa kuuza kuku na ndizi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba jina lake halionekani ni kumvunja moyo, naye hatachanga tena.

Hatukuogopa, kwani tulijua seva yetu hupigwa nakala kila usiku. Lakini kazi ya asubuhi moja ilituchukua siku nne. Aliyekuwa na neno la siri alikuwa amehamia kituo kingine. Nakala za kila siku tulizitunza kwa siku 30 tu, nazo zote zilikuwa zimebeba faili lililoharibika. Kilichotuokoa ni nakala ya mwisho wa mwezi wa Julai, pamoja na vishina vya stakabadhi vya mtunza hazina wa mtaa, ambavyo vilitusaidia kujaza wiki mbili zilizokosekana.

Mashine pepe na nakala yake

Seva yetu haipo tena chini ya meza ya mhasibu. Ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo lake yenyewe, inayoendeshwa ndani ya kompyuta kubwa za kampuni tunayoilipia huduma. Nakala rudufu yake ni mfano wa nyumba nzima pamoja na vyote vilivyomo. Ukiirudisha nyumba nzima ya Julai juu ya ile iliyopo, basi mishahara na stakabadhi za sharika zote zilizoingia baadaye zitatoweka. Kwa hiyo anayetafuta faili moja huifungua nakala pembeni, hulichukua faili lile tu, kisha hufunga mlango.

Tusidhani kwamba wanaokwama ni ofisi ndogo peke yake. Tarehe 31 Januari 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengenezaji wa programu, alifuta kwa makosa data za seva kuu. Walipozitafuta nakala za kila siku, wakagundua zilikuwa hazifanyiki, na barua pepe za kuwaonya hazikuwa zikiwafikia. Walipoteza data za saa 6 hivi. Fundisho ni kwamba nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni tumaini tu.

Mambo sita ya kuandaa

Sisi tunatumia huduma ya Azure ya kampuni ya Microsoft. Wenye huduma nyingine watakuta taratibu zinatofautiana, lakini maandalizi yanafanana.

1. Watu wawili. Ruhusa ya kufungua nakala iwe kwa watu wawili, si mmoja. Mmoja akihama, mwingine aongezwe siku hiyo hiyo, na aliyehama aondolewe.

2. Mashine ya kufungulia. Huduma hutoa programu ndogo ya kupakua pamoja na neno lake la siri. Ikiendeshwa na msimamizi wa kompyuta, diski za nakala huonekana kama diski mpya. Nakala ya Windows ifunguliwe kwenye Windows inayolingana nayo, na ya Linux vivyo hivyo. Kama seva ina diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja, nakala isifunguliwe kwenye seva ile ile, bali kwenye mashine nyingine iliyoandaliwa mapema.

3. Njia ya mtandao. Kinga ya mtandao wa ofisi iruhusu mawasiliano yanayotoka ndani kwenda nje kupitia mlango namba 3260. Hili lipimwe kabla ya siku ya shida.

4. Muda. Nakala ikishafunguliwa hukaa wazi kwa saa 12, kisha huunganishwa upya. Mtandao wetu nao huweza kuyumba, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu. Kwa hiyo tujue mapema jina la faili na folda lilimo. Kama kinachotakiwa ni data nyingi sana, ni afadhali kurudisha diski nzima pembeni.

5. Mahali pa kuliweka. Faili lililorudishwa liwekwe kwenye folda yake, lisiandikwe juu ya lililopo mpaka yote mawili yalinganishwe. Lisiwekwe kwenye kompyuta ya mtu binafsi, kwa maana majina ya walengwa yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kazi ikiisha, diski za nakala ziondolewe.

6. Muda wa kutunza nakala. Hapa ndipo tulipojikwaa. Kamati hukagua hesabu kila baada ya miezi mitatu, lakini sisi tulitunza nakala za kila siku kwa mwezi mmoja. Kosa la mwanzo wa robo lilizeeka kuliko nakala zake. Sasa nakala za kila siku tunazitunza siku 100, na za kila mwezi mwaka mzima. Gharama imeongezeka, na tunawaomba wafadhili waione kuwa ni sehemu ya utunzaji wa fedha zao.

Zoezi la kila robo

Tumeamua kwamba kabla ya kila kikao cha robo mwaka, mjumbe mmoja wa kamati atachagua faili lolote la usharika wake na tarehe yoyote iliyopita. Ofisi italirudisha mbele yake, na muda uliotumika utaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Orodha ya michango ya usharika wetu ikipotea leo, ni nani wawili wanaoweza kuirudisha?
2. Je, vishina vyetu vya stakabadhi vinatunzwa wapi, na kwa muda gani?
3. Mara ya mwisho faili letu kurudishwa kwa majaribio ilikuwa lini?

Swali la tatu likikosa jibu, msisubiri toleo lijalo. Njoni ofisini mkiwa na jina la faili, nasi tutalitafuta pamoja nanyi.