Likizo ya Watoto Dakawa: Kucheza Nje, Mbali na Mfereji

Dakawa imo katika uwanda wa mto Wami, wilayani Mvomero, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Kusini huonekana safu ya Uluguru na kaskazini magharibi milima ya Nguru. Katikati ni tambarare ya joto, na humo yamo majaruba ya mpunga ya skimu ya umwagiliaji yenye hekta zipatazo 2,000. Maji huvutwa kwa pampu kutoka Wami, hupita mfereji mkuu, kisha hugawanyika katika mifereji midogo hadi jaruba la mwisho. Kwa mkulima mfereji ni uhai wa shamba. Kwa mtoto aliyefunga shule ni bwawa la kuogelea lisilo na kiingilio wala mlinzi.

Shule za msingi nchini hufungwa kwa muda mrefu mara mbili, mwezi Juni na mwezi Desemba, na likizo hizo mbili hazifanani. Juni masika yamekwisha, kipupwe kimeingia na mpunga unavunwa, hivyo hatari nyingi zipo shambani. Desemba jua ni kali, maembe yameiva, na kila mtoto anatafuta maji ya kujipoza. Katika likizo zote mbili huja wageni pia: wajukuu kutoka Morogoro mjini na Dar es Salaam wanaoletwa kwa bibi na babu. Hao ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu hawajui mfereji una kina gani wala wapi maji yanavuta, na mara nyingi huwafuata wenyeji ili wasionekane waoga.

Kaya nyingi hukabili likizo kwa mojawapo ya njia mbili. Ama mtoto huachwa tangu asubuhi hadi jioni bila mtu kujua alipo, ama hufungiwa ndani na televisheni, simu na twisheni. Njia ya pili huonekana salama, lakini mtoto aliyefungiwa hutoroka mara tu mlango unapoachwa wazi, na anapotoroka hukimbilia palepale alipokatazwa. Kinachomlinda ni mahali pengine pa kucheza panapomvutia, saa inayofaa, na mtu mzima anayejua alipo.

Faida ya kuwa nje

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kila siku, kwa kiwango cha kumfanya aheme. Kwa mtoto wa Dakawa anayeteka maji na kuchunga mbuzi, dakika hizo hutimia kabla ya adhuhuri. Aliyekuja na simu yake kutoka mjini anaweza kumaliza wiki bila kuzifikisha. Mifupa na misuli hujengeka kwa kukimbia na kuruka, usingizi huwa mzito, na mwanga wa jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo upungufu wake huleta matege. Macho nayo hufaidika. Katika nchi za Asia ya mashariki, ambako watoto wengi wamepoteza uwezo wa kuona mbali, imethibitika kwamba kukaa nje mchana hupunguza tatizo hilo. Tangu mwaka 2010 shule za msingi za Taiwan zimekuwa zikihimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku.

Michezo ya kutimiza hayo haihitaji kununuliwa. Katika rede, wawili hurushiana mpira huku wa katikati akiukwepa na kujaza mchanga kwenye chupa. Shabaha, wepesi na ujasiri hufundishwa kwa pamoja. Kombolela huhitaji kopo moja tu na mahali pa kujificha. Zipo kuruka kamba, mdako kwa walio na subira, na chandimu kwa mpira wa soksi na mifuko. Mzazi anayeingia uwanjani japo nusu saa jioni hupata kitu ambacho kukaripia hakuleti: watoto wenyewe humwita, na walipo hufahamika. Baba wengi hudhani huo ni upuuzi hadi wachezapo mara ya kwanza.

Maji ya mfereji na kichocho

Ugonjwa unaofungamana zaidi na michezo ya watoto katika maeneo ya umwagiliaji ni kichocho. Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika kwa wingi wa wagonjwa, baada ya Nigeria. Mzunguko wake ni rahisi kuueleza hata kwa mtoto wa darasa la pili. Mgonjwa anapokojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humo huingia kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kingo, mahali maji yanapokwenda taratibu. Ndani ya konokono huongezeka, kisha hutoka kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Vikiipata hupenya kwa dakika chache, bila jeraha na bila maumivu ya kumtisha anayeoga. Kusimama majini hadi magotini kunatosha.

Saa ndiyo jambo lisilofahamika kwa wengi. Konokono hutoa vijidudu vingi zaidi mwanga wa jua unapokuwa mkali, takriban kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ni saa zilezile ambazo joto la Dakawa humfukuza mtoto kuelekea majini. Kwa hiyo kauli kwamba maji yakipigwa na jua huwa safi ni kinyume cha ukweli kuhusu kichocho. Hii haina maana kwamba alfajiri au jioni mfereji ni salama. Hatari hupungua tu, haiishi.

Dalili ya kwanza huweza kuwa mwasho na vipele siku ileile, vikifuatiwa na homa baada ya wiki kadhaa. Baadaye, kwa kichocho cha kibofu, mkojo wa mwisho hutoka na damu na mtoto husikia maumivu. Kichocho cha tumbo huleta kuhara damu na, miaka inapopita, ini na wengu kuvimba. Mtoto hupungukiwa damu, huchoka, husinzia darasani, na huitwa mvivu. Katika baadhi ya jamii kukojoa damu kwa mvulana kumechukuliwa kuwa ishara ya kubalehe, na hapo ugonjwa hupewa hongera badala ya dawa. Kwa wasichana madhara huweza kufika kwenye via vya uzazi na kufanana na magonjwa ya ngono. Binti anayeona aibu kusema huweza kuishi nayo miaka mingi. Hakuna umri ambao damu katika mkojo wa mtoto ni jambo la kawaida.

Dawa ni prazikwanteli, humezwa kwa kipimo cha uzito au urefu, baada ya kula. Hutolewa pia shuleni katika kampeni za kingatiba, na mtoto anayenyimwa kwa hofu ya kichefuchefu huachiwa ugonjwa ulio mbaya kuliko kichefuchefu. Hata hivyo dawa hii huua minyoo iliyomo mwilini, haizuii mingine kuingia. Aliyemeza Jumatatu akaoga mfereji Jumamosi huanza upya.

Ndiyo maana kaya hushughulikia pande zote mbili. Choo hutumika na wote, wakiwamo wanaoshinda shambani, ambako mara nyingi hakuna choo na mfereji ndio uliopo karibu. Maji ya mfereji yanayolazimika kutumika kuogea huwekwa kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili. Vijidudu visivyopata mwili wa kuingia hufa. Kwa watoto wanaotaka tu kujipoza, beseni la maji ya bomba au kisima chini ya mwembe, na ruhusa ya kumwagiana, huondoa nusu ya hamu ya mfereji. Mama hupoteza ndoo mbili za maji. Ni gharama ndogo.

Kufa maji

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji mwaka 2021, na wengi miongoni mwao ni watoto na vijana. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Huzama kimya, hata kwenye ndoo au dimbwi. Mfereji mkuu una kingo za kuteleza, na maji karibu na pampu na milango ya kugawia huvuta kwa nguvu isiyoonekana juu. Mto Wami wenyewe una mamba na viboko. Viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, hivyo ukingo wa mto si mahali pa watoto hata kama hawaogi.

Anayemwona mwenzake akizama asijitose. Watoto hufundishwa kupiga kelele, kunyoosha mti mrefu au kurusha dumu tupu lililofungwa kamba, kwa kuwa dumu huelea na hushikika. Aliyetolewa bila kupumua halazwi kichwa chini wala hakandamizwi tumbo ili atapike maji. Muda huo ndio unaompotezea maisha. Hulazwa chali, hupuliziwa pumzi mdomoni kifua kikiinuka, kisha hukandamizwa kifua, kwa kubadilishana, hadi apumue au msaada ufike. Akizinduka hupelekwa kituo cha afya hata kama anasema yu mzima. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Shambani

Mpunga ukianza kuiva, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na watoto hupelekwa kuamia ndege. Kupiga kombeo na makopo kuna raha yake kwa saa mbili. Kushinda huko alfajiri hadi magharibi, siku baada ya siku, ni kazi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaanza kuruhusu kazi nyepesi mtoto afikapo miaka 14. Familia isiyo na njia nyingine hugawana zamu, na huhakikisha mtoto ana kivuli, maji na chakula.

Shamba lililopulizwa dawa haliingiwi hadi muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Chupa zenyewe hutobolewa na kukusanywa, kwa sababu mtoto huzigeuza vikombe vya kujipikilisha, na hata watu wazima wamekuwa wakizitumia kuwekea mafuta ya taa. Pawatila, trekta na kombaini hazipandwi na watoto, hata kwa hatua kumi.

Nyoka hujificha katika mabua na marobota ya majani. Viatu vilivyofunika mguu na fimbo ya kupapasa mbele hupunguza ajali. Aliyeumwa hatibiwi kwa wembe, jiwe wala kamba ya kukaza; kiungo hufungwa ubao ili kisicheze, mtoto hubebwa, na safari ya hospitali huanza mara moja.

Jua na maembe

Kuanzia saa 6 hadi saa 9 mchana michezo ya kukimbia huahirishwa, na hapo bao, hadithi na usingizi hupata nafasi yake. Mtoto hunywa maji kabla ya kiu. Anayelalamika kizunguzungu, au anayeongea hovyo huku ngozi ikiwaka, huwekwa kivulini, hupepewa na kumwagiwa maji wakati anatafutiwa tabibu. Mwenye ualbino huhitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga; hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta hayo kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kumzuia asicheze kabisa si kinga. Uwanja wenye miti na saa za asubuhi na jioni humtosha.

Desemba huleta pia kuanguka mwembeni na kuharisha. Embe huoshwa, mikono huoshwa kwa sabuni, na anayeharisha hupewa ORS na vidonge vya zinki bila kunyimwa chakula.

Usiku na barabara

Kombolela hunoga mbalamwezi, na mbu wa malaria huuma tangu giza linapoingia hadi alfajiri. Majaruba ni mazalia yao. Nguo ndefu, mafuta ya kufukuza mbu na kuingia ndani mapema husaidia, lakini chandarua chenye dawa ndicho nguzo, na mgeni kutoka mjini huhitaji chake. Homa yoyote hupimwa ndani ya saa 24 kabla ya kumeza dawa ya mseto.

Barabara kuu hubeba malori usiku na mchana. Hapohapo Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma. Familia inayowatembeza watoto kwenye mnara wake hupata nafasi ya kuwafundisha historia na namna ya kuvuka barabara kwa pamoja. Wenye nauli huweza kufika Morogoro na kupanda njia za Uluguru hadi Morningside, ambako hewa hubadilika na sweta huhitajika, au kwenda Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Katika bodaboda mtoto hawekwi mbele juu ya tangi.

Baada ya likizo

Minyoo ya kichocho huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu mwilini kabla ya mayai kuonekana kwenye mkojo au choo. Kipimo cha wiki moja baada ya kuoga huweza kuonyesha mtoto hana kitu, na dawa inayomezwa wakati huo haiui vizuri minyoo michanga. Aliyeoga mfereji Juni hupimwa mwishoni mwa Agosti au Septemba. Aliyeoga Desemba hupimwa Machi. Mjukuu aliyerudi mjini huhesabiwa pia, na mzazi wake huambiwa kwa simu mahali alipooga, kwa kuwa tabibu wa mjini hatauliza habari za mfereji wa Dakawa asipotajiwa.