Faraja ya Kitabu cha Naipaul: Mwalimu wa Fasihi Ajibu Wasomaji

Swali: Nauza vitambaa hapa Koboko, na kila nitaabikapo moyoni hukirejea kitabu cha V. S. Naipaul, *A Bend in the River*, hali mtazamo wake juu ya Waafrika wanichukiza. Je, nakosea?

Jibu: Hukosei. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1979, mwaka ule ule alioanguka Idi Amin, nayo yamhusu Salim, Mwislamu wa ukoo wa Kihindi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, aendaye kuuza madaftari, nyembe, sabuni, vitambaa na mabeseni katika mji wa bara ulio penye kizingo cha mto mkubwa, mji ambao wasomaji wengi wautambua kuwa ni Kisangani. Hofu ya mwenye duka asiyejua kama kesho duka litakuwa lake imeandikwa humo kwa uaminifu mkubwa. Na hofu hiyo watu wa West Nile, eneo la Uganda zilimo Koboko na Arua, waijua, kwani mwaka 1980, baada ya Amin kuanguka, jamaa nzima nzima zilivuka kwenda Zaire na Sudan, na Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa pale pale walipotaraji hifadhi. Aliyebeba hofu ya namna hiyo pasipo mtu wa kumweleza, kisha akaikuta imeandikwa barabara na mtu wa mbali asiyemjua, hupunguziwa upweke wake, wala faraja hiyo haimdai akubali neno jingine lolote la mwandishi.

Swali: Mwalimu, nasoma fasihi Arua. Twaambiwa tutenge hadithi na itikadi ya mtunzi. Yawezekana?

Jibu: Kwa sehemu tu. Naipaul alikaa Makerere mwaka 1966, akaandika *In a Free State*, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1971 na ambayo nchi yake ya kubuni yafanana mno na Uganda, kisha akaizuru Zaire ya Mobutu mwaka 1975. Na katika safari hizo zote macho yake yalikuwa makali, ila hukumu aliitoa kabla ya ushahidi, kwamba uharibifu ni tabia yetu. Duka la Salim lachukuliwa na dola kama Mobutu alivyotwaa biashara za wageni kuanzia 1973, lakini dhulma hiyo yaoneshwa kana kwamba imechipuka ardhini, bila ya kuhoji ni nani waliomweka mtawala huyo na kumlinda. Chinua Achebe alimkosoa kwa ukali katika *Home and Exile*, nami niko upande wa Achebe. Hata hivyo, shahidi aliyeona kweli husikilizwa mahakamani, wala haulizwi adhabu ipi yafaa. Basi namsikiliza Naipaul kama shahidi na kumnyima kiti cha kadhi. Wafasiri wa Qur'ani nao waliyahifadhi mashairi ya Imru' al-Qays, mshairi wa kabla ya Uislamu, kwa ajili ya lugha yake, ilhali itikadi za Jahiliya walizikataa.

Ninapobishana naye zaidi ni mwisho wa kitabu, Salim anapoondoka kwa meli, maana kwa Naipaul kuondoka ndiko busara. Ilhali waliokimbia Arua na Koboko walirejea kwa wingi katika miaka ya 1980, wakazijenga upya nyumba na masoko, na Arua ikawa jiji mwaka 2020.

Swali: Mwanangu ana miaka 16. Nimpe akisome?

Jibu: Mpe, ila baada ya *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ambamo msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara waonekana pamoja na madeni na utumwa wake. Ujue pia kwamba Salim humpiga vibaya mwanamke ampendaye, na mwandishi hamkemei. Kurasa hizo zisome pamoja na mwanao, umwulize angemwambia nini Salim.