Chuma Mwilini Mbele ya Lango la Ukaguzi

Katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa Geita, kama vile Rwamagasa na Nyarugusu, si ajabu kumwona mtu akitembea polepole, akipitisha juu ya ardhi kisahani kilichofungwa kwenye mpini, huku amevaa hedifoni masikioni. Anatafuta dhahabu. Mtu huyohuyo akienda kupanda ndege Mwanza, hupita katika lango ambalo kwa utendaji wake ni ndugu wa ditekta ile. Na ikiwa paja lake liliwahi kuvunjika katika ajali ya pikipiki, mfupa ukaungwa kwa fimbo ya chuma, lango laweza kulia ilhali mifuko yake ni mitupu.

Watu wengi hudhani kwamba lango hilo hunasa chuma kama sumaku. Dhana hiyo si sahihi. Dhahabu haivutwi na sumaku, na hata hivyo ditekta huigundua. Ndani ya kisahani, na vilevile katika nguzo za lango, mna koili za waya. Umeme unaobadilikabadilika ukipita katika koili, huzalisha uga wa sumaku unaobadilika pia. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba badiliko la namna hiyo huamsha mkondo wa umeme katika kipitishi kilicho karibu. Mkondo huo nao huzaa uga wake wenyewe, na huo ndio unaopokewa na chombo na kugeuzwa kuwa mlio. Mwalimu aweza kudondosha sumaku yenye nguvu ndani ya bomba nene la alumini lililosimamishwa wima. Alumini haivutwi na sumaku, lakini sumaku itashuka taratibu kana kwamba inazama katika asali.

Basi jambo kubwa ni jinsi metali inavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa na umbo lake. Chuma kisichoshika kutu kinachotumiwa kuungia mifupa hupitisha umeme kwa udhaifu, dhahabu ikikishinda kwa kiasi cha mara 30. Aloi ya titani ni dhaifu zaidi. Ndiyo sababu skrubu ndogo ya kidole mara nyingi hupita kimya, lakini fimbo ya paja au nyonga ya bandia huweza kuliza lango. Malango hayakurekebishwa kwa kiwango kimoja: mtu aliyepita salama katika kiwanja hiki huenda akasimamishwa katika kingine. Mchimbaji wa Geita hatashangaa, kwani miamba ya huko ina chuma kingi, naye hulazimika kuirekebisha ditekta yake isidanganywe na ardhi yenyewe.

Kutafuta metali mwilini si jambo jipya. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akaletwa na chombo cha aina hii ili aitafute. Hakufanikiwa, inasemekana kwamba springi za kitanda zilivuruga mlio.

Penye dhahabu, ambapo watu hukaguliwa kwa hofu ya wizi, mlio huchukuliwa upesi kuwa shtaka. Lakini mlio hausemi zaidi ya kwamba pana metali. Kwa hiyo mwenye chuma mwilini amweleze mkaguzi kabla ya kupita, si baada ya lango kulia. Barua ya hospitali husaidia mazungumzo, ila haimwondolei ukaguzi: mkaguzi bado hana budi kuhakikisha kwamba mlio watoka pajani tu. Aweza kuomba akaguliwe faraghani na mtu wa jinsia yake.

Lango hili halitumii eksirei, wala fimbo ya pajani haidhuriki nalo. Tahadhari ya pekee ni kwa mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo. Huyo apite kwa mwendo wa kawaida bila kusimama wala kuegemea nguzo, na akumbushe kwamba kitambuzi cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua chake. Akiwa na wasiwasi, aombe kupapaswa kwa mikono.