Muuguzi Anajua, Lakini Je, Amekupima?

Mama anapompeleka mtoto kliniki kwa chanjo, mtoto hupimwa uzani, kijitabu hujazwa na safari ya nyumbani huanza. Matiti ya mama hayajaangaliwa. Si kwamba muuguzi hajui. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wauguzi katika nchi kadhaa za Afrika zimeonyesha kuwa wengi wao wanazifahamu dalili za saratani ya matiti, ila wanaojikagua kila mwezi ni wachache zaidi. Tena foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja na chumba cha faragha huenda hakipo. Mama naye haulizi.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani linataka angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili. Hapa kwetu wengi hufika ugonjwa umeshaenea. Sababu moja ni kuwa uvimbe wa saratani mwanzoni kwa kawaida hauumi, na kisichouma hakipelekwi hospitalini.

Uchunguzi wa muuguzi huchukua dakika chache na hauhitaji mashine. Mama huketi, huinua mikono, kisha hulala chali. Muuguzi hutazama kama ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu. Halafu hupapasa kwa vidole vitatu vya kati, kuanzia chini ya mtulinga hadi kwapani. Kwapa ndilo husahaulika. Siku zinazofaa ni chache baada ya hedhi kwisha, matiti yanapokuwa laini.

Akipata uvimbe, mama hupewa rufaa kwa altrasaundi au mamogramu, na ikibidi kipande kidogo cha nyama hupelekwa maabara. Uvimbe mwingi huwa si saratani, lakini jibu hilo hutolewa na maabara, si jirani. Wanaume pia huugua, ingawa ni takriban mmoja kati ya wagonjwa 100.

Wauguzi wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake, wanaweza kupimana zamu kwa zamu.

Mkazi anayeenda kliniki kwa chanjo ya mtoto au kupanga uzazi anaweza kusema: “Sista, naomba unipime na matiti.” Anayetaka kupimwa na muuguzi wa kike ana haki ya kuomba hivyo.