Mbinu za kuhamishia kampuni ya kimataifa kwenye mfumo mmoja wa mawasiliano

Chukua kampuni ya usafirishaji mizigo yenye ofisi London, Dubai, Muscat, Mumbai na Mombasa. Mara nyingi utakuta ina mitambo mitano ya simu, programu mbili au tatu za mikutano, na makundi ya WhatsApp yasiyo na msimamizi. Mteja akipiga Mombasa kuulizia mzigo ulioko Mumbai, huambiwa akate simu na kupiga namba nyingine. Mfumo mmoja unaondoa adha hiyo: simu, ujumbe na mikutano ya video hukaa mahali pamoja, na mteja huunganishwa na ofisi nyingine bila kukata simu.

Wakati mwingine kuhama si hiari. Microsoft ilifunga Skype for Business Online tarehe 31 Julai 2021 na kuwaelekeza wateja wake kwenye Teams. Uingereza nayo imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za waya ifikapo mwisho wa Januari 2027. Ushauri wangu kwa anayejiandaa ni mmoja: unganisha mfumo, usiunganishe tarehe. Kila ofisi ihame kwa zamu yake, ikishathibitika kuwa iko tayari.

1. Orodhesha kila laini kabla ya kuchagua programu

Kila ofisi itaje namba zake zote, anayezitumia, mtoa huduma na tarehe ya kuisha kwa mkataba. Bili peke yake haitoshi. Lizunguke jengo zima. Simu ya ndani ya lifti, kengele ya moto, faksi, mashine ya kadi na simu ya mlinzi getini mara nyingi hutumia laini ya waya ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapokatwa. Kisha andika namba zote kwa muundo wa kimataifa, zikianza na alama ya kujumlisha: +254 kwa Kenya, +968 kwa Oman, +91 kwa India. Namba iliyoandikwa hivyo hupigika kutoka ofisi yoyote.

2. Soma sheria za kila nchi kabla ya kutia saini

Falme za Kiarabu huruhusu simu za intaneti kupitia huduma zilizoidhinishwa tu. India kwa miaka mingi imedhibiti vikali uchanganyaji wa simu za intaneti na mtandao wa kawaida wa simu. Kuhusu kurekodi mazungumzo na mahali pa kuhifadhi taarifa za watu, Ulaya ina kanuni zilizoanza kutumika Mei 2018, Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Mwulize mwanasheria wa kila nchi. Maelezo ya muuzaji wa programu hayatakulinda mbele ya mdhibiti.

3. Pima njia ya intaneti, kisha itafutie mbadala

Simu moja ya sauti isiyobanwa hula karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, hivyo simu 30 kwa wakati mmoja hazifikishi megabiti 3. Kinachoharibu mazungumzo ni ucheleweshaji na data kupotea njiani. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linapendekeza sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Pima saa za kazi, ofisi ikiwa imejaa, na uagize ruta zipe sauti kipaumbele mbele ya upakuaji wa mafaili.

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo ofisi ya Mombasa inahitaji watoa huduma wawili wanaotumia nyaya tofauti. Waulize majina ya nyaya hizo, kwa kuwa kampuni mbili zinaweza kukuuzia njia ileile. Kumbuka umeme pia: simu ya zamani ya waya ilipata umeme kwenye laini yenyewe, lakini simu ya intaneti huzimika pamoja na ruta. Weka betri za akiba.

4. Jaribu simu za dharura

Desemba 2013, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne. Simu haikutoka, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka kwanza abonyeze 9 kupata laini ya nje. Sheria yenye jina la Kari ilianza kutumika Marekani Februari 2020, na inataka 911 ipigike moja kwa moja.

Timiza hilo kila mahali: 999 London na Mombasa, 9999 Muscat, 112 Mumbai. Panga jaribio na mtoa huduma ili usiwasumbue waokoaji. Hakikisha pia anwani iliyosajiliwa ni ya mahali mtu alipo. Mfanyakazi aliyeko nyumbani asije akatumiwa gari la wagonjwa ofisini.

5. Hama kwa zamu

Anza na ofisi ndogo yenye kazi za kila aina. Usivunje mkataba wa zamani kabla namba hazijahamishwa, kwani unaweza kuzipoteza. Chagua siku kwa kalenda ya mahali: Muscat hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Dubai Jumamosi na Jumapili. Kazi ya Jumapili inayofaa London itawakuta watu wa Muscat wakiwahudumia wateja.

6. Fundisha watu, funga milango

Anza na mapokezi na huduma kwa wateja, maana wao ndio hupokea simu nyingi. Wafundishe kwa lugha wanayofanyia kazi, na teua mtu mmoja wa kuulizwa katika kila ofisi. Kisha funga milango: wezi wanaoingilia mfumo wa simu hupenda mwisho wa juma, hupiga namba za gharama kubwa ng'ambo na kukuachia bili. Zuia nchi usizofanya nazo biashara, weka kikomo cha matumizi, na futa akaunti ya mfanyakazi siku anapoondoka.

Meneja, usikubali kuambiwa kazi imekwisha kwa sababu programu imewekwa. Uliza mambo matatu katika kila ofisi: je, mteja anapata mtu kwa namba ileile ya zamani? Je, simu ya dharura inatoka? Je, intaneti ikikatika, kazi inaendelea? Mpaka ofisi ijibu ndiyo mara tatu, usizime laini yake ya zamani.