Samaki na Nyumba Zake Tatu

Mtu apitaye Biashara Street, Mombasa, huona maduka ya leso na vikoi, na mafundi wa cherehani wakiwapima watu nguo. Fundi hamshonei mtoto kanzu ya baba yake, kwa maana kila umri una kipimo chake. Mama akiisha kununua leso, huenda sokoni kutafuta kitoweo, na pengine huuziwa fungu la changu wadogo wasiozidi kidole. Bei yake ni rahisi, naye hurudi nyumbani kwa furaha. Lakini yafaa tujiulize: samaki hao walikuwa safarini kwenda wapi?

Watu wengi hudhani kwamba samaki wa mwambani huzaliwa, hukua na kufa pale pale. Kwa aina nyingi sivyo. Kama vile mtoto abadilishavyo nguo, samaki hao hubadilisha nyumba.

Nyumba ya kwanza ni maji ya bahari kuu. Samaki wakubwa hutaga, na vitoto vyao, vyembamba kama uzi, huchukuliwa na mkondo kwa muda wa majuma kadhaa. Vingi huliwa njiani.

Nyumba ya pili ni majani ya bahari na mizizi ya mikoko. Kisiwa cha Mombasa kina hori pande mbili: Tudor, na Kilindini inayoendelea mpaka Port Reitz, na katika hori hizo mna mikoko. Humo mna chakula tele, na samaki mkubwa mwenye njaa hapenyi kwa urahisi katikati ya mizizi. Maji yakijaa, wadogo huingia mikokoni. Yakipwa, hurudi kwenye majani.

Nyumba ya tatu ni mwamba. Samaki akipata nguvu husogea kidogo kidogo kuelekea huko, na huko hutaga naye. Wapo wengine, kama kitatange wa aina nyingi, wakaao mwambani tangu utoto; lakini changu wengi hulelewa kwanza karibu na pwani.

Jambo hili limejulikanaje? Kichwani mwa samaki mna vijiwe vya sikio, ambavyo huongeza tabaka kadiri akuavyo, na kila tabaka hubeba alama ya mahali alipoishi. Wataalamu walivipima vijiwe vya changu na samaki wengine wa pwani ya Tanzania, wakatoa habari zao mwaka 2013. Waliona kwamba miongoni mwa samaki wakubwa wa mwambani wamo waliokulia katika ghuba zenye mikoko na majani, na kwa aina fulani walikuwa wengi sana.

Basi, akatae mikoko ovyo huvunja nyumba ya kulelea, na avuaye wadogo kwa wavu wa matundu finyu ni sawa na mkulima alaye mbegu. Mwamba waweza kuwa mzima, lakini ukakosa wenyeji. Ndiyo maana mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya, wavu ukokotwao majanini na kuzoa wakubwa kwa wadogo.

Dawa yake si kuacha kuvua. Katika pwani ya Kenya yamejaribiwa malema yenye mwanya, ili mdogo atoke na mkubwa abaki. Huko Gazi, katika Kwale, wanakijiji hulinda na kupanda mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, na fedha zake zimesaidia maji na shule.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Samaki asiyenunuliwa hana faida kuvuliwa. Mama akiulizia changu aliyekomaa, mchuuzi atasikia, na mvuvi atasikia. Mvumilivu hula mbivu. Na changu aachwaye leso hii ikiwa mpya, huenda akaonekana sokoni, mnene na mwenye kushibisha nyumba nzima, leso ile ikiwa imekwisha kuchakaa.