SOMO LA AFYA: KWA SABABU GANI WATU WALIOGOPA CHANJO?



Mara hii tunataka kujifunza pamoja jambo lililoleta mabishano mengi katika nyumba zetu wakati wa Korona. Tusiwacheke wale waliokataa sindano. Tuulize kwanza: waliogopa nini?

1. Mambo yalivyopita

Korona ilionekana Kinshasa mwezi wa tatu 2020. Tarehe 2 mwezi wa tatu 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca. Lakini siku zile nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha chanjo hiyo, kwa sababu watu wachache waliganda damu. Serikali yetu nayo ikangoja, na kazi ikaanza tarehe 19 mwezi wa ine. Waliokuja kuchanjwa walikuwa kidogo sana. Basi dozi karibu milioni 1.3 zilipelekwa kwa nchi zingine za Afrika, zisiharibike bure. Chanjo ilikuwako, mikono ya kuchanjwa ikakosekana.

2. Woga ulitoka wapi

a) Mwezi wa ine 2020, mganga mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza katika televisheni juu ya kujaribu chanjo katika Afrika. Watu wakakasirika: «Sisi tuko panya wa kujaribia dawa?»

b) Surua ya 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto. Watu wakauliza: kwa surua haraka haikuonekana, kwa Korona haraka hii inatoka wapi?

c) Wakubwa walikawia. Rais Tshisekedi alichanjwa mwezi wa kenda 2021 tu.

Pale ambapo jibu halikutolewa, radio-trottoir ilijibu: eti ukichomwa hautazaa tena. Hiyo ni uongo.

3. Jibu la kweli

Tuko na ulizo gumu hapa kwetu: ni kweli polio inaweza kutoka katika chanjo? Jibu: ndiyo, mara chache. Matone ya mdomoni yako na kirusi hai kilichopunguzwa nguvu. Pale watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi kile kinapita toka mtoto huyu mpaka yule kwa muda mrefu, kinageuka, kinapata nguvu tena. Mwaka 2017 polio ya namna hiyo ilionekana katika Haut-Lomami yetu. Lakini angalia vizuri: inakomaa pale chanjo inafikia watoto wachache. Dawa yake ni kuwachanja wote.

Ukimficha mama neno hili, atalisikia sokoni likiwa limepotoka, na kesho hatakuamini hata kwa surua.

Tukumbuke pia ndui. Wazee wetu wengi wako na alama ya chanjo yake kwenye mkono. Ndui ilikwisha katika Kongo mwaka 1971.

4. Sisi tufanye nini

Watu wa Beroya (Matendo 17:11) walipokea neno kwa moyo, na tena wakalichunguza kila siku. Kuuliza si zambi. Lakini umuulize anayejua: muuguzi wa santé, mwalimu wa biolojia. Na wewe unayejua, jibu bila kucheka na bila kuficha.

Maulizo ya kuzungumza katika darasa

1. Katika sababu tatu za woga, ni ipi ilikuwa na haki? Eleza.
2. Mama jirani anakataa matone ya polio. Utamwambia nini kwanza?
3. Habari ya mwisho uliyopeleka kwa wengine, uliichunguza wapi?